Oili ya Pikapu Yetu Inaongezeka Yenyewe

Shangazi Phikun, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo nyuma ya jiko langu la mkaa, mishikaki inaungua na wateja wananiita, lakini siwezi kungoja jioni kwa sababu leo ni Jumatatu na safari ni Jumamosi, basi nisamehe mwandiko, na tafadhali unijibu gazetini haraka kuliko unavyowajibu wale wanaogombana na mawifi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nauza mishikaki ya nguruwe na wali wa kunata sokoni hapa Den Chai, na mume wangu, tumwite Baba Kaeo kwa jina la binti yetu, ni fundi wa kuezeka mapaa, mwanamume mpole na mcheshi ambaye kwa miaka ishirini na minane ya ndoa amenikasirikia siku moja tu, na siku hiyo kosa lilikuwa langu. Mwaka jana baada ya mavuno tulinunua pikapu, si mpya, imeshapita mikononi mwa watu watatu kabla yetu, viti vimechanika ila injini inanguruma vizuri, ya rangi ya bluu, na kwa kuwa Baba Kaeo alizaliwa Jumapili na bluu ni mkosi kwake, akabandika nyuma maandishi ya "Gari hili ni jekundu" na mambo yakaisha. Akaipeleka hekaluni, mtawa akachora alama za unga mweupe juu ya kioo cha mbele, shada la asumini likaning'inizwa ndani, na tangu hapo kila siku ya ibada anamwekea Bibi wa Gari, yule mlinzi anayekaa ndani ya kila gari, soda nyekundu yenye mrija juu ya boneti, anamsalimu kwa viganja viwili na kumweleza wiki hii anakwenda wapi.

Mimi sina neno na hayo, Shangazi, Bibi namheshimu, lakini mimi ni binti wa fundi wa matrekta, baba yangu alinifundisha kuchomoa kijiti cha oili kabla sijajua kujisuka nywele, na nilipoisikia tu injini ile nilijua kwamba kwa umri wake inakunywa oili. Sasa siku ya kubarikiwa gari, mbele ya mama mkwe na mashemeji wote, mtawa hajamaliza hata kunyunyiza maji, mdomo wangu ukaniponza nikasema kwa sauti, "Bibi msimpe soda, mpeni oili, hiyo ndiyo kiu yake." Watu wakacheka mpaka mtawa mwenyewe akainamisha uso. Baba Kaeo hakucheka. Tulipofika nyumbani akaniambia taratibu, "Mama Kaeo, mapaa ya mji mzima nimepanda, gari sijawahi kuwa nalo. Hili niachie mimi na Bibi. Boneti usiifungue tena." Nikaona macho yake yamelowa, nikaona aibu, nikaahidi.

Ahadi yenyewe haikumaliza hata wiki. Kila Jumanne alfajiri akiwa bafuni namsikia anavyojimwagia maji na kuimba, nami nafungua boneti, nachomoa kijiti, nafuta, nakirudisha, nachomoa tena na kusoma, na kila wiki oili imeshuka kidogo, basi namimina kikombe kimoja kutoka kwenye chupa niliyoificha chini ya gunia la mkaa, na hapohapo natupia jicho maji ya rejeta na mkanda wa feni na mafuta ya breki, kisha nafunga boneti kwa kuilalia na tumbo ili isipige kelele. Miezi minane nimefanya hivyo, Shangazi, na miezi minane yote nimemsikiliza mume wangu akiwaambia majirani kwamba fundi hamjui hata kwa sura, ni shada na soda tu, na mimi nauma ulimi, ila nakuapia sikuwa na uchungu, maana alivyokuwa akifurahi kila alipowasha gari na likawaka, hata wewe ungependa uendelee kumwona hivyo.

Kisha Kaeo wetu akajifungua huko Nan anakofundisha, mtoto wa kike, mjukuu wetu wa kwanza, nikaenda kumuuguza wiki tatu, na usiku na mchana nikimkanda tumbo mwanangu akili yangu iko kwenye kile kijiti, nikijua kwamba hakuna anayemimina, nikingojea simu ya kuambiwa injini imekufa barabarani. Simu haikuja. Nikarudi nyumbani, Jumanne ya kwanza nikachomoa kijiti, na oili ilikuwa imefika alama ya juu kabisa! Nikafuta nikapima tena, ni vilevile. Nilipomuuliza Baba Kaeo kwa kuzunguka zunguka kama gari lilimsumbua akaangalia pembeni akasema, "Mimi na Bibi tumeelewana," akaenda zake kunoa panga. Wiki ya pili oili ikapita alama. Sasa ni wiki ya tano tangu nirudi, mimi sijamimina hata tone, na imepita alama ya juu kwa kidole kimoja na nusu, na nimeichunguza, haina rangi ya maziwa, hainuki dizeli, inashika kidoleni kama inavyotakiwa, ni oili safi tu inayozidi kuwa nyingi.

Shangazi, nililia. Nilikumbuka jinsi nilivyomdhihaki Bibi mbele ya mtawa, nikamnunulia soda yangu mwenyewe nikamwomba msamaha. Tena kwa kihoro nikamnong'oneza mama mkwe, na mama mkwe ana miaka themanini na moja na hajawahi kuweka siri, kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa uani kwetu wanapaka unga kwenye boneti ili namba za bahati nasibu zijitokeze, na jirani yetu Mzee Chaliao ameapa kwamba naye gari lake halipeleki tena kubadilishwa oili, analivisha mashada mawili. Baba Kaeo katika yote hayo anakuna kichwa tu, nikidhani ni unyenyekevu wa mtu aliyejaliwa. Siku za ibada ananitanguliza hekaluni na bakuli la wali, yeye anabaki amvishe Bibi shada, anakuja amechelewa na mikono inanukia sabuni ya vyombo. Hata Mama Sompit wa duka la vipuri alinitania juzi kwamba nyumbani kwetu tunakaangia oili, nikacheka kwa woga, nikidhani ananisema mimi na vile vichupa vyangu vya zamani.

Sasa Jumamosi tunakwenda Nan kumleta mtoto nyumbani afungwe uzi wa baraka mkononi na mama mkwe, ambaye amesema hafi mpaka afunge uzi ule kwa mkono wake na ambaye atakaa mbele, na nyuma wanapanda ndugu wanane, na ile njia ni milima kupanda na milima kushuka, na kurudi tutakuwa na mtoto wa miezi miwili. Baba Kaeo amekataza mtu yeyote kugusa boneti mpaka turudi. Lakini asubuhi gari likiwaka linatoa moshi wa bluu, na chini yake nimeona matone, na marehemu baba yangu alikuwa akisema oili ikizidi ni mbaya kama ikipungua. Nikiipunguza namtupia Bibi zawadi yake usoni, tena kabla ya safari, na nikiiacha naogopa mlimani. Na nikimwambia mume wangu ukweli kwamba miezi minane ni mimi niliyekuwa namimina, nitamvunja moyo mtu aliyefurahi namna hiyo. Nifanye nini, Shangazi? Majina yetu acha tu, hata ukiyabadilisha mtaa wote utanijua.

Ni mimi Mama Kaeo,
Den Chai.

*

Mama Kaeo, marahaba. Barua yako imenifikia Jumanne, gazeti linatoka Alhamisi, na nimemwondoa ukurasani mama mwenye shida ya wifi ili wewe upate nafasi. Kwa hiyo ondoa kwanza mishikaki motoni, kisha usome polepole.

Hongera ya mjukuu. Nimecheka barua yako mpaka nikamwaga kahawa, na sasa niache nikugombeze. Wewe ni binti wa fundi! Unapima oili kwa kufuta kijiti mara mbili kama inavyotakiwa, unanusa, unashika kwa kidole, halafu unasoma kila kitu kwenye gari lako isipokuwa uso wa mume wako. Mimi niliolewa na fundi wa magari nikalala juu ya gereji miaka thelathini na moja. Nimeona oili ikipungua kwa njia nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu. Kuongezeka nimeona kwa njia tatu tu. Maji yakiingia, inakuwa kama maziwa. Dizeli ikiingia, inanuka na kuwa nyepesi. Hizo mbili umeziondoa mwenyewe, na nakusifu. Inabaki ya tatu, kwamba kuna mtu anamimina, na umeniapia kwamba siye wewe.

Umeshamjua? Haya, nikusaidie. Wiki tatu ulikuwa Nan na hakuna aliyetia oili. Injini inayokunywa haikusimamisha kiu yake kwa sababu wewe umekwenda kumkanda mzazi. Siku moja barabarani ile taa nyekundu ya oili yenye umbo la birika iliwaka mbele ya macho ya Baba Kaeo, akashtuka, akaenda mahali, na huko akaambiwa na fundi maneno yaleyale uliyoyasema wewe mbele ya mtawa. Jiweke mahali pake. Mtu ametangaza mtaa mzima kwamba shada linatosha, amekutoza ahadi, halafu anagundua kwamba mkewe alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Akaona afadhali amalize mambo kimyakimya. Ndiyo maana unatangulizwa hekaluni, ndiyo maana mikono inanukia sabuni ya vyombo, na Mama Sompit hakuwa anakusema wewe, alikuwa anamsema mteja wake mpya. "Mimi na Bibi tumeelewana," alikwambia. Maskini, alikuwa anakaribia kuungama na wewe ukamwacha aende kunoa panga.

Na kosa lake ni la mwanamume mwenye ibada. Anamimina kila siku ya ibada, kipimo kilekile, kama anavyompa Bibi soda yake. Amempa wiki hii, atampa wiki ijayo, hajui kwamba kuna kijiti cha kuuliza kwanza kama anahitaji. Injini yenu inakunywa kikombe kwa wiki, yeye nadhani anaipa oili ya kujaa chupa nzima ya soda. Hesabu hiyo ndiyo unayoiona juu ya alama.

Kwa hiyo hilo la zawadi ya Bibi liondoe kichwani. Oili ile Bibi hakuileta, ameileta mumeo, na ukiipunguza hutamkosea mlinzi yeyote. Bibi avishwe shada, aletewe soda, asalimiwe kila kukicha, mimi mwenyewe langu nalivisha na sipandi kabla sijalisalimu. Lakini marehemu baba yako alisema kweli. Oili ikizidi namna hiyo, vyuma vinavyozunguka chini vinaichapa mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Inatafuta pa kutokea, inasukuma mipira inayoziba, ndiyo hayo matone, na nyingine inaungua, ndiyo huo moshi. Mlimani, na mzigo ule, mngekwama na mtoto mchanga juani. Nisingependa kuiandika habari hiyo.

Leo hii Alhamisi, ukishafunga biashara, weka gari mahali pa sawasawa, si pale penye mteremko wa mfereji. Zima injini, ngoja robo saa ili oili yote ishuke na ipoe isikuunguze. Weka beseni, legeza nati ya chini ya injini pole pole, oili itoke kidogo, kaza, pima. Ikiwa bado, rudia. Ikifika kati ya alama mbili, acha hapo, usitafute makuu. Ile ya kwenye beseni mpelekee Mama Sompit ana pipa lake, usinimwagie mferejini mashamba ya watu yapo chini. Ijumaa asubuhi kabla ya kuwasha angalia ardhi. Kama bado linadondosha, linakwenda kwa fundi siku hiyohiyo, na kama fundi hawezi kumaliza, mtakodi gari, mama mkwe atakasirika kisha atapoa.

Mengine unayajua lakini nayasema kwa ajili ya wanaosoma huku wamelala. Maji ya rejeta yanaangaliwa injini ikiwa baridi. Upepo wa matairi, na la akiba pia, hilo ndilo watu hulisahau mpaka wanapolihitaji. Mafuta ya breki, na breki zenyewe, kwa sababu ile njia inashuka kuliko inavyopanda. Mkimaliza kilima cha kwanza simameni, pumzikeni, mpime oili tena. Na ndugu wanane nyuma ya pikapu ya umri ule ni wa nini? Mtoto anahitaji uzi mmoja mkononi. Wachukueni wawili, waliobaki wapike wawangoje nyumbani.

Mzee Chaliao mwonyesheni ukurasa huu. Mzee wangu, mashada mawili ni mazuri, lakini oili yako nenda kabadilishe kesho, na filta yake pamoja.

Sasa linabaki lile ulilolificha mwishoni mwa barua, la kumvunja moyo. Mama Kaeo, unaogopa kumwambia kwamba miezi minane ulikuwa unamtunzia gari na heshima yake kwa pamoja. Yeye anaogopa kukwambia kwamba anakutunzia safari ya kwenda kwa mjukuu. Mnaviziana kama wezi, kila mmoja na chupa yake, kila mmoja kwa sababu hataki kumwaibisha mwenzake. Nimekaa kwenye ukurasa huu miaka kumi na tisa, kila wiki naletewa watu wanaofichana mabaya. Ninyi mnafichana wema, na mimi nikaona nikupe nafasi ya mwenye wifi. Hata hivyo imetosha. Siri nzuri nayo inaweza kuua injini.

Na wewe Baba Kaeo, najua unasoma, kwa sababu mkeo anaweza kukuficha gazeti la nyumbani, ya mtaa mzima hawezi. Sikiliza, mwanangu. Hakuna aliyekucheka mwaka jana ila kwa sababu mkeo ni mcheshi, na ulimwoa kwa hilo. Atakucheka tena leo utakapomwambia kuhusu ile taa. Mwache acheke. Ukweli ni kwamba gari lilikuwa lako hata kabla ya kujua kulitunza, na sasa umejifunza nusu, ile ngumu, ya kukubali kwamba halijitunzi lenyewe. Nusu iliyobaki ni ya kusoma kijiti, na mwalimu wako unalala naye kitanda kimoja. Ile ahadi uliyomtoza, mfungulie kwa mdomo wako, maana ni nzito kwake kuliko unavyofikiri, amekuwa akiivunja kila Jumanne na kuumia kila Jumanne.

Jumamosi, kabla ya mama mkwe kupanda, fungueni boneti wote wawili, mchana kweupe, lango likiwa wazi majirani waone. Mmoja achomoe, mwingine afute, msome pamoja. Mfunge boneti kwa kishindo. Halafu nendeni mkamlete mtoto.

Shangazi Phikun